Weusi wa Miwani Si Kinga



Jicho ni amana. Ijumaa moja, baada ya swala, mzee wa msikiti wetu alitueleza kwamba haoni tena herufi za msahafu wake. Amekutwa na mtoto wa jicho. Ujana wake wote alivua samaki, akipigwa na jua la mbinguni na lile linalorudishwa na maji. Umri ndio sababu kuu ya maradhi hayo, lakini mionzi ya jua isiyoonekana huyachochea. Yeye atapasuliwa, nasi tunamwombea; vijana wetu bado wana nafasi ya kujikinga.

Wengi wetu hudhani kuwa miwani nyeusi zaidi ndiyo bora. Sivyo. Mboni hupanuka penye giza. Kwa hiyo kioo cheusi kisichochuja mionzi hiyo huifungulia mlango. Asiyevaa kitu angalau hukunja macho.

Basi tunaponunua, tutafute alama ya UV400, yaani kioo kizuiacho mionzi hadi nanomita 400. Kwa kuwa alama yaweza kubandikwa kwa uongo, tuipeleke miwani kwa fundi mwenye kipimo. Fremu iwe pana, izibe na pembeni. Bei kubwa si ushahidi. Usiku barabarani tuivue. Wala tusiwasahau watoto, ambao macho yao hupitisha mionzi mingi kuliko yetu.

Tusingoje herufi zififie. Wabillahi tawfiq.