Nioneshe kifaa kwanza, cheti baadaye

Huu ukimya ni wa test, msinifikirie vibaya. Leo naweka pembeni habari za bumu na foleni ya kafteria, maana kuna ubishi chumbani kwetu umechukua wiki nzima.

Mwenzangu mmoja ni mpenzi wa kufa wa Star Trek. Kaona mtandaoni kile kisimu cha kufunua cha akina Kapteni Kirk, kwenye ule mfululizo wa kwanza wa 1966 hadi 1969. Muuzaji anasema ni orijino, kimeshikwa na waigizaji wenyewe, na kina cheti. Bei yake ni bumu zima la semista na deni juu. Mimi nasema cheti ndio kitu cha mwisho kuangalia. Yeye ananiona mshamba.

Hebu tuelewane. Cheti ni karatasi. Mtu aliyeweza kufyatua kisimu cha plastiki atashindwaje kuprinti karatasi? Ukiletewa barua ya studio ya mwaka 1967 imeandikwa kwa Calibri, hii hii tunayoandikia assignment, funga mazungumzo hapo hapo. Calibri imeingia mikononi mwa watu na Office 2007.

Hata mnada wa wakubwa si kinga. Oktoba 2006 Christie's ya New York iliuza vitu vya Star Trek kwa siku tatu. Mnunuzi mmoja akalipa dola 6,000 kwa kile kikofia cha kukinga macho alichovaa Data akicheza karata. Kwa madai yake mahakamani, alipompelekea mwigizaji Brent Spiner akisaini, Spiner akamwambia siyo chenyewe. Akafungua kesi mwishoni mwa 2007, na wauzaji wakakataa madai yake. Sichagui upande. Ila oneni: jina kubwa la muuzaji halikumaliza ubishi.

Kwa hiyo tuanze na kitu chenyewe. Chukua gari la Batman la kwenye TV, la 1966 hadi 1968. Lilijengwa na George Barris kutoka kwenye Lincoln Futura, gari la maonyesho la 1955 lenye bodi ya chuma. Baadaye akatoa nakala za faibaglasi za kuzungusha kwenye maonyesho ya magari. Kwa macho unaweza ukadanganyika. Weka sumaku sasa! Faibaglasi haishiki. Lile la chuma liliuzwa Arizona Januari 2013 kwa dola milioni 4.6, nadhani mnaona kwa nini sumaku ya shilingi mia tano ina heshima yake.

Au taa. Kifaa cha 1966 kinachowaka LED ya bluu kali ni feki, au kimefanyiwa ukarabati ambao muuzaji alitakiwa autaje. LED za bluu zenye mwanga wa maana zilikuja miaka ya 1990, na waliozigundua walipewa Nobel mwaka 2014. Hapo watu wa Fizikia mnanielewa.

Ninyi wa Engineering chukueni vernier caliper. Anayeiga hutengeneza kalibu kutoka kwenye kitu kilichopo, kisha anamwagia resini, na resini ikikauka inasinyaa kidogo. Nakala ya nakala inazidi kuwa ndogo, kona zinakuwa butu. Ndiyo maana picha ya muuzaji bila vipimo haina maana kwangu.

Lakini kinachonifurahisha zaidi ni usafi. Watu wengi wanadhani orijino lazima ing'ae. Wapi! TV za miaka ile zilikuwa hazionyeshi vitu vidogo vidogo, kwa hiyo mafundi walipiga rangi haraka, gundi ikamwagika, na maisha yakaendelea. Feki nyingi ni nzuri kuliko orijino. Na zikizeeshwa kwa msasa zinachubuka kila mahali sawasawa, wakati mkono wa mtu huchubua pale unaposhika tu.

Mwenzangu ana hoja moja ya nguvu, lazima niikubali. Ule mfano mdogo wa meli ya Enterprise, uliotumika mwanzoni mwa kila kipindi, ulipotea miaka ya 1970. Mwaka 2023 ukaibuka eBay, bei ya kuanzia dola 1,000. Ungeniuliza mimi siku hiyo ningecheka. Ulikuwa wenyewe! Lakini muulize ulithibitishwaje. Mtaalamu wa mifano hiyo aliulinganisha na picha za miaka ya 1960, na mistari ya mbao ikalingana. Mistari ya mbao ni kama alama za vidole, huwezi kuifyatua. Aprili 2024 ikatangazwa kwamba umerudi kwa mtoto wa Gene Roddenberry, aliyebuni Star Trek. Hapo hakuna aliyeuliza cheti.

Na jamani, sina ugomvi na wanaotengeneza nakala. Wengine ni mafundi hasa, wanaandika wazi kwamba ni nakala, na bei yake inalipika bila kulala njaa. Nimemwambia mwenzangu anunue hiyo, au amuombe muuzaji picha sita za karibu zenye rula pembeni, alinganishe na vipindi mkwaruzo kwa mkwaruzo. Ameandika jana usiku. Muuzaji amejibu kwa kutuma cheti tena, safari hii cha rangi.

Mwenye hoja tofauti aje room, chai ipo ila sukari aje nayo. Mimi naingia library, Jumatatu kuna test nyingine.