KAZI ZA MIKONO: Mkulima wa Kansas Aliyejifundisha Kuruka

Wako vijana watokao shuleni ambao huona haya kushika nyundo, wakidhani ya kuwa elimu ni kalamu tu, na mafuta ya mashini ni uchafu. Wazazi na walimu wametulalamikia mara nyingi juu ya jambo hilo. Kwa hiyo mwezi huu tumependa kuwapa habari za Clyde Cessna, Mmarekani, ambaye jina lake limeandikwa ubavuni mwa ndege nyingi zitujiazo.

Alizaliwa mwaka 1879 katika jimbo la Iowa, akalelewa shambani huko Kansas, nchi ya ngano. Elimu yake ya shule ilikuwa haba. Walakini mashini ya shamba ilipoharibika, yeye ndiye aliyeifungua, akaitazama, akaifunga tena ikafanya kazi, hata majirani wakaja kumwita. Motakari zilipoanza kuenea akashika kazi ya kuziuza katika mji wa Enid, Oklahoma, akapata riziki ya kutosha yeye na mkewe na watoto.

Mwaka 1911 marubani walikuja Oklahoma City kuonyesha watu jinsi ya kuruka. Cessna alikwenda kutazama kama wengine. Lakini wengine walirudi makwao wakasahau, naye akasafiri mpaka New York, akanunua ndege ya mfano wa ile ambayo Mfaransa Blériot aliivukia bahari kutoka Ufaransa mpaka Uingereza mwaka 1909. Mwalimu hakuwa naye. Akaipeleka ndege yake kwenye uwanda wa chumvi katika Oklahoma, mahali tambarare pasipo mti, akajifundisha mwenyewe. Akainuka, akaanguka, akainuka tena, akaanguka tena. Kila mara alirudi kuunga miti iliyovunjika na kutengeneza kitambaa kilichopasuka.

Hapo twapenda kukaa kidogo. Mtu mwenye fedha tu angaliishiwa na fedha kwa kuwalipa mafundi; na mtu mwenye ujasiri tu angaliishiwa na mifupa. Cessna aliweza kuendelea kwa kuwa alijua kutengeneza alichokivunja, na katika kukitengeneza alipata kujua sababu ya kuvunjika kwake. Hata mwezi wa Desemba mwaka ule ule akaruka, akageuka hewani, akarudi kutua pale pale alipoondokea.

Huenda msomaji akauliza: Je, ni haki baba wa nyumba kucheza na maisha yake hivi, na watoto wangali wadogo? Swali hilo si la kupuuzwa. Sisi hatumsifu kwa hatari ile, bali kwa subira yake.

Miaka iliyofuata alijipatia fedha kwa kuruka katika maonyesho ya wakulima, na wakati wa baridi akajenga ndege nyingine zilizo bora. Katika mwaka 1916 alipewa nafasi ndani ya kiwanda cha motakari mjini Wichita, akajenga humo. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 kazi hiyo ilikoma. Cessna hakuona aibu kurudi shambani na kupura ngano za watu kwa ujira.

Mwaka 1925 alishirikiana na Walter Beech na Lloyd Stearman wakaanzisha kampuni ya Travel Air. Lakini juu ya mabawa hawakupatana. Siku zile ndege nyingi zilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, yakifungwa kwa nguzo na nyaya. Nazo nguzo na nyaya hizo hupingana na upepo na kuipunguza mbio ndege. Cessna alitaka bawa moja, nene na lenye nguvu ndani yake lenyewe, lisilohitaji nguzo. Basi akatoka, na mwaka 1927 akaanzisha kampuni yake mwenyewe.

Furaha haikudumu. Mwaka 1929 biashara ya Marekani ilianguka, watu wakaacha kununua ndege, na mwaka 1931 kiwanda kikafungwa. Cessna na mwanawe Eldon wakaendelea kujenga ndege ndogo za mashindano. Mwaka 1933 rafiki yao Roy Liggett alianguka na mojawapo ya ndege hizo huko Chicago, akafa. Tangu siku ile moyo wa mzee ulipoa.

Walakini kiwanda hakikufa. Wapwa zake wawili, Dwane na Dwight Wallace, walikifungua tena mwaka 1934. Dwane alikuwa amesomea elimu ya ndege katika chuo cha Wichita, naye akasimamia ujenzi wa ndege iitwayo C-34, yenye bawa moja lisilo na nguzo kama mjomba wake alivyotaka, ikichukua watu wanne. Mzee akawaachia vijana kazi, akarudi shambani kwake Kansas, akaishi huko hata alipofariki mwaka 1954. Katika miaka iliyofuata kiwanda kilitoa ndege ya Cessna 172, ambayo zaidi ya 44,000 zimejengwa.

Chama cha Mission Aviation Fellowship, kilichoanzishwa mwaka 1945, kimetumia ndege za Cessna katika Afrika ya Mashariki kuchukua waganga, dawa, wagonjwa na wahubiri. Zile zipendwazo kwa kazi hiyo zina bawa juu ya dirisha. Kwa hiyo hutua katika viwanja vya nyasi na bawa halipigi majani wala kichuguu, na mgonjwa angojaye kupakiwa hulazwa chini yake, kivulini.