Twende na Machui

Wananchi wafikao Uingereza hupanda treni hadi Stratford-upon-Avon, wakaiona nyumba aliyozaliwa Shakespeare, na jioni wakarudi London. Hatuwalaumu, hayati Mwalimu Nyerere mwenyewe alimfasiri bwana huyo mwaka 1963. Lakini ikumbukwe kuwa Waingereza nao walizembea: nyumba iliyosimama pale alipofia ilibomolewa na mwenyewe mwaka 1759, na hii waionyeshayo kwa fahari iliokolewa mnadani mwaka 1847, kwa michango ya watu.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, jirani na Machui, mwaka 1909. Kutoka Tanga mjini ni mwendo wa asubuhi moja, wala haihitaji pasipoti. Twawauliza walimu na viongozi wa Tanga: mwaka huu mmewapeleka watoto wangapi?