MIJI YA MBALI: Omihachiman na Mfereji Uliotaka Kufukiwa

Mgeni atokaye Kyoto, mji mkuu wa kale wa Japani, akipanda gari la moshi la mbio kuelekea mashariki, hufika Omihachiman kwa muda wa dakika kama 35. Ashukapo stesheni huenda akavunjika moyo kidogo, kwa maana haoni ila maduka na magari kama ya mji mwingine wowote. Lakini akiwa na subira, akatembea kwa miguu kiasi cha nusu saa kuuelekea mlima mdogo uitwao Hachiman, ataona mambo yakibadilika. Njia zinakuwa nyembamba na kunyoka, nyumba ni za mbao nyeusi na vigae, na chini ya mlima pana mfereji wa maji uliojengewa kwa mawe pande zote mbili. Kando yake yamesimama maghala ya zamani yenye kuta nyeupe, na mashua hupita polepole chini ya madaraja.

Mfereji huo ndio uliouzaa mji. Mwaka 1585 Toyotomi Hidetsugu, kijana ambaye alikuwa hajatimiza miaka 20, alijenga ngome juu ya mlima huo. Yeye alikuwa mpwa wa Toyotomi Hideyoshi, mtawala mkuu wa nchi. Jirani na hapo palikuwa na mji wa Azuchi, ambao ngome yake ilikuwa imeteketea kwa moto mwaka 1582, na Hidetsugu aliwahamisha wenyeji wake wakaja kukaa chini ya ngome mpya. Kisha akachimbisha mfereji na kuuunganisha na Ziwa Biwa.

Ziwa hilo ndilo kubwa kuliko yote katika Japani. Lina eneo la kilometa za mraba 670 hivi, ambalo ni dogo sana kwa mtu aliyezoea kusimama ufukoni Kisumu, kwani Ziwa Victoria ni kubwa kulipita karibu mara mia. Hata hivyo kwa kina Ziwa Biwa ndilo lishindalo, maana mahali pengine chini yake hapafikiwi mpaka mita 100 zimepita. Zamani mizigo mingi iliyotoka pwani ya kaskazini kwenda Kyoto na Osaka ilipitia ziwani humo. Hidetsugu alilitambua jambo hilo, akaamuru vyombo vipitavyo ziwani viingie katika mfereji wake na kutia nanga mjini. Tena aliruhusu watu wafanye biashara sokoni bila ya kutozwa kodi ya soko wala kuzuiwa na vyama vya wafanyabiashara. Basi mfereji ukafanya kazi mbili: ulikuwa handaki la kuilinda ngome, na ulikuwa barabara ya mizigo.

Ngome yenyewe haikudumu. Mwaka 1595 Hidetsugu alikosana na mjomba wake, akaamriwa ajiue, na ngome ikabomolewa. Siku hizi mgeni hupanda mlimani kwa gari dogo lining'inialo katika waya, na huko juu hukuta kuta za mawe na hekalu tu. Lakini mji haukufa pamoja na bwana wake, kwa kuwa maji yalikuwa bado yanapita na wafanyabiashara hawakuondoka.

Wafanyabiashara hao wa nchi ya Omi walipata sifa katika Japani nzima. Walianza kwa kuchukua bidhaa kwa mzegazega, mzigo mmoja mbele na mwingine nyuma, wakitembea nchi za mbali kuuza vyandarua, mikeka na nguo za katani. Waliofanikiwa walifungua maduka Edo, mji ambao leo huitwa Tokyo, na wengine walifika hata kisiwa cha kaskazini cha Hokkaido. Mafundisho yao yanakumbukwa mpaka leo kwa maneno machache: biashara njema hummfaa muuzaji, humfaa mnunuzi, na huifaa jamii. Nyumba zao kadhaa zimehifadhiwa, na mgeni aweza kuingia akaona walivyoishi. Nje ni za kawaida, hazina majivuno; ndani ndiko kulikokuwa na utajiri.

Mwaka 1889 gari la moshi lilifika, na stesheni ikajengwa mbali na mfereji. Baada ya Vita Vikuu vya Pili malori nayo yakachukua mizigo iliyosalia. Mfereji usio na mashua ukageuka kuwa mahali pa kutupia taka. Kila nyumba ilimwaga maji yake machafu humo, na kila mtu alijiona kuwa tope lake ni dogo. Ilipofika miaka ya 1960 maji yalikuwa yamesimama, harufu ilikuwa mbaya, na nzi na mbu walikuwa tele. Watu waliokaa kando yake walichoka, wakaiomba serikali iufukie, na mahali pake pafanywe barabara na uwanja wa kuegesha magari. Haifai kuwalaumu sana, maana hapana apendaye kulea watoto wake karibu na uvundo. Serikali ya jimbo la Shiga ilikubali, na mpango ukatengenezwa.

Ndipo mwaka 1972 chama cha vijana wa biashara wa mji huo kilipoinuka kupinga. Walisema kwamba majuto yataanza siku ile ile mfereji utakapofukiwa, kwa kuwa kilichofukiwa hakirudi. Mwanzoni wenzao wengi hawakuwaunga mkono, na wengine waliwadhania kuwa wanatafuta sifa tu. Vijana hawakutosheka na kuandika maombi na kukusanya sahihi. Walishuka wenyewe katika tope na majembe yao siku za Jumapili, wakizoa taka zilizotupwa na baba zao na wao wenyewe. Majirani waliokuwa wakitazama kutoka madirishani walianza kuleta msaada, mmoja mmoja, na mwaka 1975 serikali ya jimbo iliuacha mpango wa kufukia. Baadaye ikaleta mitambo, tope likazolewa, na kingo za mawe zikatengenezwa upya.

Mwaka 1991 serikali ya Japani iliuweka mtaa huo wa kale chini ya ulinzi wa sheria. Mwaka 2006 mabwawa na matete ya nje ya mji yaliwekwa pia katika hifadhi ya namna mpya, yakawa ya kwanza nchini kupewa heshima hiyo. Matete hayo hukatwa wakati wa baridi na kutengenezwa mapazia, nyua na mapaa, kisha mashina huchomwa moto ili yachipue vizuri. Mgeni aweza kukodi mashua inayoendeshwa kwa kasia, akapita katikati ya matete asisikie ila ndege na maji. Tena mara nyingi watengenezaji wa sinema huja mferejini kupiga picha za hadithi za kale, kwa sababu si rahisi kupata pengine mahali palipobaki vile.

Mtu asimamaye darajani leo aweza kudhani kwamba uzuri ule umekuwapo siku zote. Sivyo. Ngome ya bwana mkubwa ilidumu miaka 10, bali mfereji umepita miaka 400, na hata huo ulikuwa karibu kupotea mikononi mwa wajukuu wa walioutumia. Serikali ilikuwa na fedha na mitambo, lakini ilifuata yale ambayo watu walitaka: walipotaka ufukiwe ilitengeneza mpango wa kufukia, na walipoingia topeni kuusafisha, nayo ilisafisha. Palipo na kisima, bwawa au mtaro wa watu wote, habari za Omihachiman hazihitaji kufasiriwa. Wahenga walisema, penye nia ipo njia. Na vijana wale waliianza njia yao kwa majembe.