Meno Yaliyopandana: Tusiwacheke Vijana Wetu

Ndugu msomaji,

Mwezi huu sitazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Nitazungumza juu ya meno ya vijana.

Binti yangu alikuwa mwenye kucheka sana. Alipofika miaka 12, meno yake ya mbele yalikuwa yamepandana. Siku moja, hapa Kaole, nilimtania mbele ya wageni. Nilimwita "Ngiri". Watu wote walicheka. Yeye hakucheka. Tangu siku ile akawa anaziba mdomo kwa mkono. Mwalimu akaniambia kuwa darasani hajibu tena maswali.

Nilimwomba radhi mwanangu. Kisha nikampeleka kwa daktari wa meno. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, wenye meno ya namna hii ni wengi. Wataalamu waliwapima watoto 1,601 wa shule za Kinondoni na Temeke, wa miaka 12 hadi 14. Matokeo yalitolewa mwaka 2009. Zaidi ya nusu ya watoto hao meno yao hayakupangana sawasawa.

Pili, si kila kasoro ni ugonjwa. Kwetu pwani mwenye mwanya husifiwa kwa uzuri. Kama kijana anatafuna vizuri, anasafisha meno yake yote, na mwenyewe ameridhika, basi mwache. Lakini meno yaliyopandana huficha mabaki ya chakula. Yapigwe mswaki kwa uangalifu, yasioze.

Tatu, tutunze meno ya utoto. Wewe mkulima unajua kuwa mahindi yakibanana hayakui vizuri. Meno nayo yanataka nafasi. Meno ya utoto ni 20, nayo hushika nafasi ya meno ya ukubwani. Moja likioza na kung'olewa mapema, meno ya jirani huegemea pengo lile. Jino la ukubwani likija, halina pa kutokea. Wala usikubali mtoto mchanga achimbwe fizi eti ana "meno ya plastiki". Kinachochimbwa ni jino changa la kweli.

Nne, meno huweza kunyooshwa. Mche ulioinama tunaufunga kwenye kigingi, nao hunyooka polepole. Daktari naye hufunga waya kwenye meno. Waya huyavuta kidogo kidogo. Kazi hii huchukua mwaka mmoja, miwili, au zaidi. Waya ukitolewa, kijana huvaa kifaa cha kuyazuia meno yasirudi yalikotoka. Gharama yake ni kubwa, na si kila hospitali inafanya kazi hii. Kwa hiyo muulize daktari kwanza kama inahitajika. Usimruhusu mtu yeyote ayakate meno ya mtoto kwa tupa.

Daktari hakuniuliza mimi. Alimwuliza binti yangu, "Wewe unayaonaje meno yako?"

Akajibu, "Meno hayaniumi. Kinachoniuma ni kuchekwa."

Ndugu msomaji, niliona haya. Hatukufunga waya. Daktari alimfundisha kupiga mswaki vizuri, akamwambia arudi akibadili mawazo. Nyumbani jina lile halitajwi tena. Mbele ya wageni bado anaziba mdomo. Lakini jana jioni, tukimenya muhogo, nilimsikia akicheka.

Wasomee habari hii watu wa nyumbani kwako. Mwezi ujao tutarudi shambani.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu