Darubini ya Kompyuta na Ushahidi wa Mwandamo

Kila ifikapo jioni ya tarehe 29 Shaaban, na tena jioni ya tarehe 29 Ramadhani, simu za Waislamu hazipumziki. Huyu anauliza Zanzibar wamesemaje, yule anauliza Makka wamesemaje, wa tatu anangoja tangazo la Mufti. Ikishaswaliwa Isha, msikiti mmoja hutoa makundi mawili: wenye nia ya kufunga kesho na wasio nayo. Na baada ya siku ishirini na tisa au thelathini mtihani huo hurudi katika Idi, ambapo ndani ya nyumba moja baba yumo katika swaumu na mwana amekwisha kula.

Hatukusudii kuufufua hapa mjadala wa mwandamo wa nchi na mwandamo wa dunia. Hadithi ya Kuraib, aliyetoka Sham na habari ya mwezi ulioonekana huko, na jinsi Ibn Abbas (r.a.) alivyoamua kubaki na mwandamo wa watu wa Madina, imeelezwa na wanavyuoni wa pande zote mbili, na kila upande unaijua hoja ya mwenzake. Tunalotaka kulisema linahusu jambo jipya zaidi, ambalo waumini wa Janga, huko Kibaha, wametutaka tulitolee rai. Vijana wao wanapendekeza inunuliwe darubini yenye kitako kinachoendeshwa kwa mota na kompyuta, ifungwe kamera nyuma yake, na vyote viunganishwe na kompyuta mpakato, ili jioni ya tarehe 29 jamaa nzima iutazame upeo wa magharibi kwenye kioo. Wazee baadhi wamesema huo ni uzushi. Vijana baadhi nao wanasema kikipatikana chombo hicho mabishano yote yamekwisha. Sisi tunaona pande zote mbili zimekwenda mbali kupita kiasi.

Kwanza tukijue chombo chenyewe, kwani kukihukumu kitu kabla ya kukielewa si katika mwenendo wa elimu. Darubini ya namna hii hukaa juu ya kitako chenye mota mbili: moja huizungusha kulia na kushoto, nyingine huiinua na kuishusha. Ndani ya rimoti yake ya waya mna kompyuta ndogo yenye orodha ya nyota, sayari, jua na mwezi. Ukiiambia ipo mahali gani duniani, tarehe gani na saa ngapi, hupiga hesabu na kuielekeza darubini mahali ambapo mwezi unatakiwa kuwa. Tunalikazia neno hilo “unatakiwa”, kwa kuwa tutalirudia.

Janga ina neema yake katika kazi hii. Mji wa Dar es Salaam na taa zake zote uko mashariki, na mwezi mchanga hutafutwa magharibi. Aidha, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mwezi huo huzama karibu wima. Ukiwa na kimo cha digrii 8 wakati jua linazama, waangaliaji hubakiwa na kama nusu saa tu. Na ipo faida nyingine ambayo huenda wengi hawakuifikiria: mtu wa Janga anapoelekea kibla huwa ameelekea kaskazini, kwa tofauti ya kama digrii 2 tu upande wa mashariki. Vitako vingi vya aina hii hutaka darubini ianze ikiwa imelala sawa na kuelekea kaskazini. Kwa hiyo msikiti ambao kibla chake kimepimwa barabara unampa fundi wa darubini mstari wake wa kuanzia, na magharibi yake iko mkono wa kushoto wa safu.

Makosa mengi hutokea katika kuingiza habari, kabla hata waya haujachomekwa. Vyombo hivi vingi vimeandaliwa kwa mtumiaji wa Marekani. Tarehe huanza na mwezi kisha siku, na longitudo hungojea kuambiwa Magharibi. Mtu wa Janga akiandika digrii 38 na dakika 45 akasahau kuchagua Mashariki, kompyuta itaamini kuwa ipo kaskazini mashariki mwa Brazili, na itautafuta mwezi wa huko. Saa ya nchi yetu iko saa 3 mbele ya ile ya Greenwich, na kile kipengele cha saa za majira ya kiangazi hakituhusu, kizimwe. Kisha kuna saa yetu ya Kiswahili. Saa 12 na dakika 40 za jioni huandikwa 18:40. Atakayeandika 12:40 ameirudisha darubini adhuhuri, na saa 6 za kosa ni digrii 90 za anga.

Kuunganisha kwenyewe ni nyaya mbili, na anayezifikiria kuwa ni moja atahangaika usiku kucha. Waya wa kwanza unatoka kwenye rimoti ya kitako kwenda kwenye kompyuta. Huo hupeleka amri na kurudisha habari ya mahali darubini ilipoelekea. Rimoti za zamani zilitumia tundu la pini tisa, ambalo kompyuta mpakato za leo hazina, hivyo huhitajika kiunganishi cha kuligeuza kuwa USB. Kompyuta hukipa kiunganishi hicho namba ya mlango, na namba hiyo hiyo lazima iandikwe ndani ya programu. Zikitofautiana, hakuna kitakachosogea. Zipo programu za bure kwa kazi hii: ASCOM, ambayo ni kama mkalimani kati ya kitako na kompyuta, na Stellarium, ambayo huchora anga kwenye kioo. Waya wa pili ni wa kamera, nao una programu yake, ambayo kwa kawaida hutakiwa kuwekwa kabla kamera haijachomekwa. Kijitabu cha chombo kisomwe, maana kwenye kitako yapo matundu yanayofanana, na waya ukiingia pasipo pake waweza kuunguza chombo kilichonunuliwa kwa michango ya waumini.

Juu ya yote hayo, ufinyu wa jicho la kamera unataka usahihi mkubwa. Kamera ndogo nyuma ya darubini ya urefu wa fokasi wa milimita 400 hukamata kipande cha anga kisichozidi digrii moja, na mwezi wenyewe una upana wa nusu digrii. Kitako kikikosea kwa digrii mbili, mwezi uko nje ya picha, na waangaliaji watasema haukuandama. Usiku mafundi hurekebisha kosa hilo kwa kulenga nyota mbili wanazozijua. Lakini jioni ya mwandamo nyota hazijatoka. Kinachobaki ni sayari ya Zuhura ikiwapo, au jua lenyewe, na hapa tunatoa onyo kwa sauti kubwa: asithubutu mtu kuielekeza darubini kwenye jua pasipo kichujio maalumu kinachoufunika mdomo wake kwa mbele. Jicho huungua mara moja, tena bila maumivu ya kumtahadharisha mwenyewe. Watoto wa madrasa wasiachwe peke yao na chombo hicho hata dakika moja kabla ya Magharibi.

Sasa tuje kwenye kiini cha rai yetu. Kompyuta ikishaunganishwa, kwenye kioo kimoja kuna miezi mitatu, na muumini asiyeitofautisha atatoa ushahidi wa uongo huku akidhani anasema kweli.

Mwezi wa kwanza ni ule unaochorwa na programu ya anga. Huo ni hesabu iliyovikwa sura. Hutokea kwenye kioo hata kukiwa na mvua, hata ukiwa umejifungia chumbani. Kitako nacho, kikifika kilipotumwa, hulia kuashiria kimefika. Mlio huo maana yake ni kwamba mota zimesimama, haina maana kwamba mwezi umeonwa. Mwezi wa pili ni ule unaoonekana kwenye dirisha la kamera wakati huo huo, mwanga wake ukiwa umetoka mbinguni na kupita kwenye vioo vya darubini. Mwezi wa tatu ni ule unaopatikana baada ya picha nyingi, pengine mamia, kubebanishwa na programu, mwanga wa anga ukapunguzwa, na mstari usioweza kuonwa na kiumbe yeyote ukafumuliwa.

Kwa maoni yetu, mwezi wa pili peke yake ndio unaoingia katika mlango wa kuona. Mtu mwenye miwani hatuikatai shahada yake, na darubini ni kioo juu ya kioo. Baraza la Wanavyuoni Wakubwa la Saudi Arabia, katika uamuzi wake wa mwaka 1403 Hijria (1983), liliukubali mwezi ulioonwa kwa darubini hata kama macho matupu hayakuuona, na likaukubali ulioonwa kwa macho hata kama darubini haikuuona. Kamera inayoonyesha papo hapo, mbele ya watu waadilifu walioshuhudia darubini ikielekezwa, haiko mbali na hapo, ingawa tunafahamu kuwa wapo wanaositasita, na kusitasita kwao kuna heshima yake.

Ama mwezi wa tatu, sisi hatuukubali, na sababu yetu inaonekana wazi katika tukio la Ufaransa. Tarehe 8 Julai 2013, mpigapicha wa anga Thierry Legault aliupiga picha mwezi mchana kweupe katika sekunde ile ile ya mkutano wake na jua, ukiwa umbali wa digrii 4.4 tu kutoka kwenye jua, kwa kutumia mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho na mkusanyo wa picha nyingi. Ulikuwa ndio mwezi wa Ramadhani ya mwaka 1434. Picha ni ya kweli, na ustadi wake ni wa kustaajabisha. Lakini ikiwa kamera yaweza kuukamata mwezi katika sekunde ya mkutano wenyewe, basi anayeufuata mwezi wa namna hiyo amekwisha kuacha kuona na anafuata hesabu, ila hajataka kuliita jambo hilo kwa jina lake.

Jicho la mwanadamu lina mpaka. Mwanafalaki Mfaransa André Danjon alieleza katika miaka ya 1930 kwamba mwezi ulio chini ya digrii 7 hivi kutoka kwenye jua hauonekani. Mwezi hujitenga na jua kwa kama nusu digrii kwa saa, hivyo huhitaji muda. Mwezi mchanga kuliko yote uliopata kuonwa kwa darubini, katika kumbukumbu zinazotegemewa, ni ule alioutazama Mohsen Ghazi Mirsaeed nchini Iran tarehe 7 Septemba 2002, ukiwa na umri wa saa 11 na dakika 40. Mohammad Odeh naye mwaka 2004 alichambua kumbukumbu 737 za uangalizi na kutoa kipimo kinachoonyesha ni wapi duniani mwezi utaonekana kwa macho, wapi kwa darubini tu, na wapi hautaonekana kabisa.

Hapo ndipo tunapoona faida kubwa ya kompyuta hiyo, na si faida wanayoitarajia vijana. Inasaidia zaidi kulikataa dai la uongo kuliko kuuleta mwezi. Akija mtu kusema ameuona mwezi jioni ambayo mwezi ulizama kabla ya jua, jamaa ifanye nini? Imamu Taqiyyuddin as-Subki, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 1355, alisema kuwa hesabu ya yakini ikionyesha haiwezekani mwezi kuonekana, shahada ya anayedai kuuona irudishwe. Wako waliompinga katika madhehebu yake mwenyewe. Sisi tunaiona kauli yake kuwa na nguvu zaidi leo, ambapo yeyote mwenye kompyuta anaweza kuihakiki hesabu hiyo.

Na hao wanaosema ni uzushi kuingiza vyombo vya falaki msikitini, tunawakumbusha Ibn ash-Shatir. Alikuwa mtunza nyakati wa Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus, na karibu mwaka 1371 aliuwekea mnara wa msikiti huo saa kubwa ya kivuli cha jua. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kuhesabu nyakati za swala. Leo ratiba iliyobandikwa ukutani kila msikiti imetokana na hesabu hiyo hiyo, na hatujasikia aliyeibandua.

Linabaki suala la fedha. Darubini, kitako, kamera na kompyuta si vitu vya bei ndogo, na ziko madrasa ambazo mapaa yake yanavuja. Hatushauri kila msikiti ukimbilie kununua. Seti moja yatosha kwa misikiti mingi ya Kibaha, na kabla yake yanunuliwe mabomba mawili ya mkono, yaani darubini ndogo ya macho yote mawili, ambayo haihitaji betri wala waya. Vijana wafanye mazoezi miezi yote kumi na miwili, Safar na Rajab zikiwemo ambazo hazina mgogoro wowote, na kila jioni ya tarehe 29 iandikwe katika daftari: jua limezama saa ngapi, mawingu yalikuwaje, nani waliangalia, nani waliona kwa jicho, nani kwa kioo tu. Zikifika mvua za masika hakuna mota itakayotoboa wingu, na hukumu ya wingu tunayo tangu zama za Mtume (s.a.w.): ni kukamilisha thelathini.

Daftari hilo liwekwe mikononi mwa imamu, na nywila ya kompyuta iwe kwa watu wawili.