Maisha ya Waliotutangulia: Padre James Pycroft

Mwezi huu tutazame maisha ya padre mmoja wa Uingereza, jina lake James Pycroft. Alizaliwa mwaka 1813 katika jimbo la Wiltshire, akasoma Oxford katika chuo cha Trinity. Alianza kujifunza sheria, akaiacha, akawekewa mikono mwaka 1840. Tangu 1845 hata 1856 alilichunga kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena, mjini Barnstaple.

Padre huyu alipenda sana kriketi, mchezo ambao mmoja hutupa mpira ili aangushe vijiti, na mwenziwe huvilinda kwa gongo. Mwaka 1851 alitoa kitabu cha khabari zake, kiitwacho The Cricket Field. Aliusifu mchezo, lakini aibu yake hakuificha.

Maana mwanzo wa karne ya 19 uwanja wa Lord's, London, ulijaa watu wa kamari. Waliwekeana dau mbele ya watu wote, kisha kwa siri wakawaendea wachezaji, wakawanywesha, wakawapa fedha ili washindwe kwa kusudi. Siku moja wachezaji wawili waligombana pale pale, kila mmoja akafichua hila za mwenziwe mbele ya mabwana.

Pycroft alikwenda kumwuliza mzee William Beldham, mchezaji hodari wa siku zile. Mzee akaungama: mara moja aliuzwa, naye akapoteza pauni 10. Muda mfupi baadaye, mjini Nottingham, yeye naye akaingia pamoja na wenziwe wawili katika shauri la kuuza, akaipata fedha yake.

Litazameni neno hili. Mzee huyu hakuanza kwa kuiba. Alianza kwa kuibiwa, akataka kurudisha chake. Ndivyo kamari inavyomvuta mtu. Aliyepoteza husema, "Nitacheza mara moja tu, niipate fedha yangu." Tamaa mbele, mauti nyuma.

Basi, enyi wazazi na walimu, mtoto akiweka dau la senti katika mpira wa shule, msiseme ni utoto tu. Wala msimkataze mpira. Pycroft hakuuchukia mchezo kwa sababu ya waovu. Alionyesha uozo wake ili uondolewe. Mtoto na acheze kwa nguvu zake zote, akishindwa ashindwe kweli, arudi nyumbani bila deni na bila siri.

Padre Pycroft alifariki Brighton mwaka 1895.